Nyamizi Apanda Mifupa

Zamani hizo watu hawakuwa na chuma. Walilima kwa mawe na miti iliyochongwa. Nyamizi alikuwa mtoto wa zamani hizo.

Aliishi chini ya mwamba, na mama yake na mdogo wake Lusu. Mvua ilikataa kunyesha. Vumbi lilikuwa kila mahali, hata kwenye kope.

Lusu alikuwa anatambaa. Sasa hata kutambaa hawezi. Njaa hiyo, jamani, haikuwa na huruma.

Siku moja Madoa akafa. Madoa alikuwa mbuzi wa Nyamizi, tena mbuzi wa mwisho. Nyamizi alimlilia mpaka sauti ikamkauka.

Mama naye alilia. Kisha akafuta machozi, akachukua kisu cha jiwe. Watu wa pale walikuwa na desturi yao:

*Nyama tule, mifupa tuchemshe,*
*iliyobaki tulishe shamba.*

Madoa alikuwa amekonda. Nyama yake iliisha upesi. Ikabaki mifupa kikapuni, na mama akasema kesho atamchemshia Lusu supu.

Nyamizi akakaa, akawaza. Kila mwaka watu walitia mifupa shambani, na kila mwaka mtama ulitoka. Basi mfupa ukipandwa, kitu kinaota! Akipanda mifupa ya Madoa, Madoa ataota.

Akachukua kikapu chote. Akachimba shimo shambani, ku, ku, ku. Akafukia mifupa, akamwagia maji yake ya kunywa.

Mama alikuta kikapu kitupu. Akasema ni fisi tu huyo. Akachemsha maji na mizizi miwili mitatu.

Tokota, tokota. Lusu akaonja, akageuza uso.

Siku ya pili Nyamizi akaenda kutazama. Hakuna sikio, hakuna mkia. Udongo tu.

Siku ya tatu Lusu hakulia. Wee! Mtoto mwenye njaa akinyamaza, hali ni mbaya. Nyamizi aliogopa.

Akamwendea mama. "Mama, si fisi," akasema. "Ni mimi. Nilimpanda Madoa ili aote tena."

Mama hakumpiga. Alimshika mkono, wakaenda shambani.

"Mwanangu, mbuzi haoti," mama akasema. "Aliyekufa harudi. Lakini Lusu bado yupo."

Maneno hayo yaliuma. Nyamizi alitaka kukimbia. Hakukimbia. Alifukua mwenyewe, ku, ku, ku, akampa mama mfupa mmoja mmoja.

Wakaiosha. Wakaivunja kwa jiwe. Wakaitia chunguni.

*Nyama tule, mifupa tuchemshe,*
*iliyobaki tulishe shamba.*

Tokota, tokota, tokota. Mafuta yakaelea juu. Lusu akafungua jicho moja.

Akanywa kidogo. Akanywa tena. Kibuyu kilipoisha, akapiga kelele akitaka supu nyingine. Nyamizi hajawahi kufurahia kilio namna hiyo.

Mama aliichemsha mifupa ileile siku nyingi, mpaka ikawa haina ladha tena. Ndipo wakaichoma motoni. Nyamizi akaitwanga kwa jiwe, tu, tu, tu, huku machozi yanamtoka. Unga wake ulikuwa mweupe.

Wakaunyunyiza shambani, wakapanda mtama. Halafu wakangoja. Kungoja na njaa ni kazi, msione hivi.

Mvua ikaja, chwaa, chwaa, chwaa. Mtama ukatoka. Ukarefuka, ukapita kichwa cha Nyamizi, ukapita hata kichwa cha mama.

Jioni ya mavuno mama alipika uji mzito. Lusu alikula mpaka tumbo likawa ngoma. Kisha akashika mwamba, akasimama.

Hatua moja. Hatua mbili. Puu! Akamwangukia Nyamizi mapajani.

"Bado namtaka Madoa," Nyamizi akasema.

"Najua, mwanangu," mama akasema. "Hata mimi."

Lusu alikuwa ameshalala. Alikuwa mzito, mzito kweli kweli. Miguu ya Nyamizi ikafa ganzi, lakini hakumwondoa.