Mluzi wa Mama Yeon-hui

Bahari ikitulia, wanawake wa kijiji chetu hapa Jeju, kisiwa cha Korea, huvaa suti zao za mpira na kushuka majini. Hawabebi mitungi ya hewa. Hubana pumzi, huzama, hurudi na konokono na mwani. Wakiibuka hutoa pumzi kwa mluzi mrefu, na kila mmoja ana mluzi wake. Mmoja akipiga, mwenzake humjibu. Hivyo hujulishana kwamba wote bado wako hai.

Jirani yangu, Mama Yeon-hui, alikuwa akizama hivyo tangu usichana wake. Mwaka jana daktari alimwambia aache, mapafu yamechoka. Aliomba siku moja tu ya kuaga bahari.

Binti yake, Yeon-hui, alirudi kutoka Seoul na wazo. Alitaka kuanzisha podikasti, yaani kipindi ambacho watu husikiliza kwenye simu wakati wowote. Kingehusu wanawake hawa. Kipindi cha kwanza kingekuwa siku ya mwisho ya mama yake.

Mimi nilikuwa mhariri wa sauti redioni kabla sijahamia kwenye michenza yangu. Yeon-hui alijua. Hakuja kuniuliza kitu, alikuja kunitambia. Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa, bora niseme mapema.

"Shangazi Hong!" aliniita kutoka ng'ambo ya ukuta wa mawe. "Nimepata programu ya kurekodia, moto kweli! Inajisafishia sauti yenyewe. Unabonyeza mara moja tu, basi."

"Umeijaribu?"

"Ya nini kujaribu? Seoul nzima wanaitumia."

"Kwani unarekodi Seoul?"

"Aa, shangazi naye! Hayo mambo ya redio za zamani."

Nikamrushia chenza, nikarudi kwenye kazi yangu.

Siku yenyewe sote tulikuwa ufukweni. Upepo ulivuma, maana kwetu upepo haukosi. Yeon-hui alikaa kwenye mwamba na simu yake. Mama yake alizama, akaibuka, akazama tena. Mwishowe alipiga mluzi mrefu kuliko yote. Rafiki yake Bi Chun-ja akamjibu kutoka mbali kidogo. Wanawake watu wazima walilia pale ufukweni, na mimi nililia. Baadaye Mama Yeon-hui alikaa kando ya moto, suti bado inachuruzika maji, akamweleza binti yake habari za maisha yake.

Yeon-hui alipofika nyumbani, programu ilimuuliza: Kuna kelele za upepo na pumzi. Ziondolewe? Sisi wa Jeju tumeuchoka upepo. Unatung'olea mapaa, unatuangushia machenza. Binti akabonyeza ndiyo bila kuwaza. Chini yake kulikuwa na maneno madogo, kwamba sauti ya mwanzo itafutwa ili kuokoa nafasi. Hayo hakuyasoma.

Alituita tusikilize, mimi na Bi Chun-ja. Tulikaa jikoni, mama akatupakulia uji. Sauti ilianza. Mama Yeon-hui aliongea vizuri, kila neno likasikika. Tukasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi niko wapi?" akauliza mama.

"Si huyo anayeongea, mama?"

"Huyo anaongea tu, kama anasoma taarifa ya habari. Mluzi wangu uko wapi?"

"Na mimi simo," alisema Bi Chun-ja. "Inaelekea tulizama tukabaki huko huko."

Nikamwambia Yeon-hui, "Leta ile ya mwanzo."

"Ndiyo hii, shangazi."

"Hii imeshafuliwa. Nataka ile mbichi."

Akatafuta kwenye simu. Akatafuta tena, uso umempauka. "Haipo," alisema.

Aliwaandikia wenye programu. Walimjibu kwa adabu kwamba kilichofutwa hakirudi.

Mama yake alijaribu kumwokoa. Alisimama karibu na sinki, binti akamwelekezea simu arekodi, naye akavuta pumzi, akapiga mluzi. Kikatoka kikohozi tu. Akajaribu mara nyingine, kikohozi kikazidi.

"Zima simu," alisema akijifuta mdomo. "Mluzi ule hutoka ukiwa umeikosa hewa. Humu hewa imejaa tele."

Yeon-hui alikuja kwangu asubuhi, macho yamevimba. "Shangazi, nifundishe."

Ningeweza kumpoza. Sikumpoza. "Umechelewa," nikasema. "Lakini kaa. Simu yako ina kinasa sauti chake?"

"Kipo, simu ilikuja nacho."

"Basi hicho kingetosha."

Aliinama. Nikaendelea, maana nilikuwa nimeanza. "Kurekodi ni kazi moja, kuhariri ni nyingine. Chombo cha kurekodia kisijitie ujuaji. Kinase kila kitu na kuhifadhi vilevile kilivyonasa. Ukimaliza, nakili sauti mbichi mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye kidude kingine. Halafu hariri nakala. Ile ya mwanzo usiiguse."

"Na programu ya kuhariri? Zipo nyingi, nachanganyikiwa."

"Anza na ya bure. Iwe inakata, inaunganisha, inapandisha na kushusha sauti. Ukikosea, iweze kukurudishia ulichofuta. Ifanye kazi hata mtandao ukikatika, na isifanye lolote bila wewe kuiambia. Mambo mengine utayatafuta ukishayahitaji."

"Nitajuaje kama inanifaa?"

"Ijaribu kwa kitu ambacho hakitakuuma kukipoteza. Wale kuku wangu. Warekodi, wahariri, uwasikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Ukiwaharibu, watawika tena kesho. Mama yako hatawika tena."

Nilijutia neno hilo lilipokuwa limeshatoka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na upepo?"

"Upepo unazuiliwa kabla haujaingia. Ivalishe maikrofoni soksi nene, safi, na uupe upepo mgongo."

"Soksi?"

"Tena ya sufu."

Akacheka, kisha akalia, na safari hii nilimshika bega.

Kuku wangu walirekodiwa hadi wakachoka. Kisha Yeon-hui alitoa kipindi cha kwanza. Kilikuwa na maneno ya mama yake, na yeye mwenyewe akaeleza wazi kwamba mluzi ulikuwepo na aliufuta. Kipindi cha pili kilikuwa cha Bi Chun-ja. Alimrekodi kwa kinasa cha simu, na maikrofoni ndogo iliyovaa soksi, akanakili mahali pawili, akahariri taratibu.

Kabla hajakitoa, alimsikilizisha mama yake jikoni. Waligawana vipokea sauti, sikio moja moja. Nilikuwepo, nikimenya machenza.

Mama Yeon-hui akainua kidole. "Huyo Chun-ja! Ndio mluzi wake!" Uso ulimng'aa kama wa msichana. Halafu akatulia, kidole bado juu. "Hapo unasikia nini?"

"Mawimbi tu, mama. Ni kimya kidogo."

"Hapo ndipo huwa ninamjibu."

Yeon-hui alisogeza mkono kwenye kompyuta. "Nikate hapo, mama?"

"Usipaguse," alisema mama yake. "Paache vilevile."

Akaondoa mkono.