Mstari wa Turbo

Mvua ya Eldoret haina adabu. Jua linawaka, watu wamependeza, mara tone moja, na kabla hujapata pa kujibanza tayari inapiga mawe. Jumamosi hiyo iliwafukuza watu wa sokoni hadi veranda ya duka la Mahamud, wakabanana hapo na kuku wao na mafungu yao ya sukuma wiki. Jemutai alijikuta amesukumwa ubavuni pa kijana mrefu aliyelowa chapachapa. Koti lake zuri la kijivu hakulivaa. Alikuwa amefunika nalo boksi bapa alilolikumbatia kwa mikono miwili.

"Umevalisha boksi koti," Jemutai akamwambia. "Na wewe je?"

"Mimi nikilowa nitakauka, madam. Hizi diski zikilowa nimefutwa kazi kabla sijaanza."

Jemutai alicheka mpaka watu wakageuka. Ulikuwa mwaka wa themanini na nane, na katika mji mzima waliojua diski ni nini hawakujaza meza moja ya hoteli. Kijana akamtazama, sweta la kijani, sketi ya marinda, nywele zimelazwa nyuma, akasahau kwamba mvua imekwisha. Aliitwa Wasike, mtu wa Kimilili. Hawakuulizana mahali pa kazi, na kila mmoja alikwenda zake akijilaumu, hadi Jumatatu, Wasike alipoufungua mlango wa chumba cha kompyuta katika ofisi za ushirika wa ngano na kumkuta Jemutai ameketi ndani.

Akanyoosha mkono atundike koti nyuma ya mlango.

"Hapo hapana," Jemutai akasema, kwa sauti iliyowashtua wote wawili. Pale palikuwa na koti jingine, la kahawia, lenye vumbi mabegani.

Acha niseme mambo yalivyokuwa, kwa maana pale ofisini hakuna aliyeyasema. Koti lilikuwa la Paul Kiptoo. Kiptoo ndiye aliyeifundisha ile kompyuta kazi, na ndiye aliyekuwa amemchumbia Jemutai. Mwaka uliotangulia, saa ya chai, wanaume wawili wenye viatu vinavyong'aa walipanda ngazi, wakashuka naye. Hakuna aliyeambiwa anapelekwa wapi, wala kwa nini. Jemutai alikuwa ametoka kununua maziwa. Akarudi akakuta koti. Aliuliza kituo cha polisi mpaka akaambiwa akiuliza tena atamfuata. Siku hizo hata ukuta ulikuwa na masikio, na bosi wao, Mzee Simeon, alilifuta jina la Kiptoo kila lilipoandikwa. Haikusemwa kwamba amekufa, naye hakurudi. Msichana wa mtu kama huyo ni mjane au ni mchumba? Jemutai hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomla.

Kiptoo aliacha vitu viwili, koti na batchi. Batchi ni faili ya amri, mstari baada ya mstari: ukiiambia ianze, inakusanya programu ya mizani, ya ghala, ya malipo, inaziunganisha ziwe kitu kimoja. Hii ya Kiptoo ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha ikakatika, na kwenye skrini likatokea neno moja tu: SAISERE. Ni kwaheri ya Kikalenjin. Kazi iliyobaki watu waliimalizia kwa mkono. Mama Kavetsa wa usafi aliliona neno hilo likijiandika lenyewe, akaapa hapigi deki chumba hicho peke yake tena, ndani ya mashine mna mtu. Jemutai hakumcheka. Yeye mwenyewe likitokea mwili ulimsisimka, na siku nyingine aliianzisha batchi bila kazi yoyote, alione tu.

Sasa huyu Wasike alikuja na mapenzi mawili, ya Jemutai na ya usafi wa batchi. Alimletea mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwa maganda yake. Alimpigia simu kutoka mapokezi, ghorofa ya chini, akijifanya opereta: simu ya mbali kwa mrembo wa sweta la kijani. Mapenzi ni kikohozi, na Mama Kavetsa alikisikia kabla ya wenyewe.

Upande wa kazi alikuwa mkali kama mwalimu wa darasa la saba. Alibandika masharti ukutani: jina la kitu liseme kazi yake, mstari usio na kazi utolewe, kitu kikikatika, kiseme kimekatikia wapi. Na juu ya kila faili, jina la aliyeiandika.

"Batchi hii haina jina," akauliza. "Ni mtoto wa nani?"

Jemutai akainuka kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeitaka.

Asubuhi moja Wasike alimpokea kwa tabasamu. Ameisafisha batchi yote, imenyooka. Kulikuwa na takataka fulani tu, saisere sijui nini, ameitoa.

"Hiyo si takataka," Jemutai akasema. "Ni kwaheri. Ndiyo kwaheri peke yake niliyoachiwa."

Akamweleza yote, kwa kunong'ona. Kisha akarudisha batchi ya zamani kutoka kwenye diski yake, akamwomba kuanzia siku hiyo wazungumze mambo ya kazi tu. Wasike alijaribu kuomba radhi, akakuta mlango umefungwa. Mahindi yakapoa mezani, simu ya mapokezi ikanyamaza.

Ijumaa, Jemutai alirudi kutoka dukani akakuta chai ya Wasike inatoa mvuke. Koti la kijivu lilikuwa kitini. Mwenyewe hayupo. Alikimbilia dirishani, akaona gari jeupe linakata kona.

Aliuliza mapokezi, aliuliza mlinzi, hakuna aliyejua. Mzee Simeon alikuwa mkutanoni. Jemutai akakaa katikati ya yale makoti mawili, na akakubali kitu alichokuwa akikikataa tangu siku ya mvua: alimpenda mtu huyu, na alikuwa amemnyima neno wiki nzima, na sasa naye ameondoka vilevile. Ni Mama Kavetsa aliyekuja na ndoo yake akasema, mbona alimwona akipanda lori la kwenda Turbo, kwenye ghala la ushirika? Jemutai akazungusha simu mpaka kidole kikauma.

"Halo, ghala la Turbo."

Ilikuwa sauti yake. Jemutai akaketi sakafuni.

"Halo? Nani huyo?"

"Uliacha koti," akasema.

Wasike akaanza kujieleza: programu ya Turbo imekwama tena, lori lilikuwa linaondoka, alimwambia Mzee Simeon, alidhani Jemutai hataki kusikia habari zake. Katikati ya maneno akaelewa alichodhani Jemutai.

"Jemu. Niko Turbo, ghala la ushirika. Narudi na lori saa kumi."

"Sema tena."

Akasema tena, polepole.

Aliporudi, suruali imejaa matope, Jemutai alimpiga kifuani kwa lile koti mpaka akachoka, ndipo akalia. Wasike alimngoja. Kisha akasema alikosea; neno litabaki. Ila aliomba liongezewe sauti, lisiage kimya. Akaandika, wakaianzisha batchi.

SAISERE. NIMEKATIKIA MSTARI WA TURBO.

Wakaufungua mstari huo. Ilikuwa amri ya kunakili faili ya Turbo, halafu nafasi tupu. Haikusema inapelekwa wapi.

Jemutai akaugusa ule utupu kwa kidole. "Hapa ndipo aliposikia viatu kwenye ngazi," akasema. "Akahifadhi, akainuka. Hakuniaga, Wasike; neno hili lilikuwa la mwisho wa kazi tu. Kila siku nimekuwa nikimwita arudi asimame hapa hapa walipomkatia."

Wasike akamsogezea kibodi. "Ukitaka ubaki hivyo, sitaugusa," akasema. "Mimi nataka kukuoa, Jemu. Lakini huu umalizie wewe."

Jemutai alipanda hadi juu kabisa ya faili, akaandika: MWANDISHI: PAUL KIPTOO.

Wasike akatazama mlango. "Mzee Simeon akiliona atalifuta."

"Nitaliandika tena."

"Basi weka na langu hapo chini. Anayefuta afute mawili."

Jemutai akaliweka. Kisha akashuka hadi mstari wa Turbo, akaandika mahali pa kwenda. Batchi ikaanza: mizani, ghala, malipo, Turbo, ikapita pale ambapo haikuwahi kupita, ikafika mwisho. Neno likatokea.

Akainuka, akalitoa koti la kahawia msumarini, akalikung'uta vumbi mabegani, akalikunja.

"Saisere, Kiptoo," akasema, kwa sauti ya kawaida, ambayo mtu wa ngazini angeweza kuisikia.

Wasike alingoja mpaka akathubutu kuuliza, na yeye je, jibu lake?

"Chukua koti lako twende Kiplombe, ukamsalimie mama," Jemutai akasema. "Na tukipita pale chini, mwambie Mama Kavetsa tunaenda wapi."