Tone la Zebaki kwenye Chupa ya Shule

Wananzengo, majirani zangu, haya nisemayo ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata chembe, nipigeni faini.

Asubuhi moja mji wetu wa Buseresere ulikuwa tulivu. Vumilia, binti wa darasa la tano, alikuwa nyuma ya jiko la kwao akisuuza chupa tupu za soda na kuzipanga juani. Mwalimu wake, Asteria, alikuwa amewafundisha kutoboa vifuniko, kukata vitako, kisha kuzichomeka chupa shinani mwa nyanya ili maji yadondoke kidogo kidogo. Taka za sokoni zingeinywesha bustani ya shule, na nyanya zingeunga maharage yao ya mchana. Sharti lilikuwa moja: usilete chupa usiyojua ilibeba nini. Kiroba cha chupa za darasa zima akapewa Vumilia akitunze nyumbani, maana neno lake liliaminika.

Baba yake, Jilala, mchimbaji, akaja kuomba chupa moja ya kubebea zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu. Vumilia akamweleza sharti la mwalimu. Jilala akacheka, akamshika bega.

"Basi, mayu, mama yangu. Chupa za shule nizipeleke wapi? Haki ya Mungu sizigusi."

Siku ya kazi ilipofika, Vumilia aliwahakikishia wenzake kwamba zote ni safi, akaipindua ya kwanza juu ya meza. Likadondoka tone jeupe, linang'aa kama jicho la paka. Wananzengo, tone lile lilitoka mlangoni, likaizunguka shule nzima likimtafuta mwenyewe! Watoto walipotaka kulishika, mwalimu akawatoa wote nje, akafunga mlango mpaka walipokuja wanaojua kuisafisha sumu ile. Kiroba chote kikatupwa, kwani nani angejua ni chupa zipi zimetumika?

Hakuna aliyemtukana Vumilia. Bhoke, aliyekuwa akikaa naye, alihamia tu dawati jingine.

Jilala alipoitwa shuleni, kwanza alikana. Kisha akasema alichukua moja, akaisuuza na kuirudisha palepale, akidhani ni chupa tu.

"Uliniapia, baba," Vumilia akasema. "Na mimi nikawaapia wenzangu."

Jilala akainama kutazama viatu vyake. Kiangazi kikakaza, na bila chupa nyanya zikanyauka zingali changa.

FUNZO

Mzazi, chupa aliyoiosha mtoto si taka tena. Ni kazi ya mikono yake. Na chupa ya kinywaji isibebe sumu, hata ukiisuuza mara ngapi. Tukiwafundisha watoto kutotupa ovyo vitu, nasi tusitupe ovyo viapo tunavyowapa.

Sasa Mwalimu Asteria amesoma maneno haya, anasema tone lile halikwenda popote, lilinasa kwenye ufa wa meza. Nimekamatwa. Faini yangu ni kusuuza chupa mpya za bustani. Jana nilimkabidhi Vumilia ya kwanza. Akanipa shikamoo yangu vizuri, akaiinua chupa juani, akachungulia ndani, akanirudishia.

"Rudia, babu," akasema. "Sikukuona ukiisuuza."