Mvutaji wa Chumba cha Nyuma

Haya yalimpata rafiki yangu Précieuse, hapa hapa Kisangani, mwaka jana, saa tisa mchana. Mama yake alimtuma akamwite mdogo wake Isaïe, kijana wa miaka kumi na saba, aje kusaidia kupakua samaki waliofika kutoka Yanonge. Précieuse alijua pa kumpata. Siku hizo Isaïe na wenzake walishinda katika chumba cha nyuma cha baa moja, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito, wakivuta shisha, ingawa kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni.

Umeme ulikuwa umekatika. Précieuse alipita ndani ya baa, akasukuma mlango akakuta giza, makaa mekundu ya shisha tu, na harufu ya tufaha. Mbele yake maji ya shisha yalikuwa yakibubujika. Mtu alikuwa anavuta.

"Isaïe, mama anakuita. Acha hiyo kitu!"

Maji yalibubujika tena, kwa muda mrefu kuliko pumzi ya mtu yeyote. Précieuse alisubiri asikie moshi ukipulizwa. Hakusikia kitu.

"Yaya," sauti ya Isaïe ikamwita dada yake kutoka uani, nyuma ya mapazia. "Sisi wote tuko inje tangu courant ilikatika. Uko unasema na nani?"

Précieuse aliwasha taa ya simu. Viti vyote vilikuwa vitupu. Mpira wa shisha ulikuwa umenyooka hewani, mbele ya kiti kimoja, kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyeketi, na makaa yalizidi kuwa mekundu.