Maua ya Mama Yarudi Kitambaani

Mama Pacha ni fundi cherehani. Anaishi na binti zake mapacha na baba yake mzazi. Asubuhi moja alikuwa akitandika kitanda cha baba yake. Shuka likachanika mikononi mwake.

Mzee alilishika pale lilipochanika. Maua ya shuka lile yalichapwa kwa mkono na marehemu mkewe.

"Hili ndilo lilikuwa la mwisho," alisema.

Mama Pacha akavuta kikapu kutoka uvunguni. Ndani mlikuwa na vibao vya kuchapia vya mama yake, vilivyochongwa maua. Alinunua kitambaa na rangi. Akachovya kibao, akachapa. Maua yakapendeza kweli. Lakini alipokifua kitambaa, maji yakawa mekundu. Yakabaki madoa matupu.

"Basi, mwanangu," mzee alisema. "Aliyekwenda kaenda na mkono wake."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pacha. Akaenda kwa jirani yao, dobi mmoja, mama mtu mzima. Zamani dobi huyo alikuwa akichapa vitambaa pamoja na marehemu mama yake Mama Pacha.

Dobi alikitazama kitambaa, akacheka. "Binti yangu, umempaka mtoto mafuta kabla ya kumwogesha!"

"Una maana gani, shangazi?"

"Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Rangi haishiki. Kifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kikauke. Tandika blanketi mezani, juu yake kitambaa. Kibao usikichovye. Kipake rangi kidogo kwa sifongo, ndipo ugandamize."

"Halafu nikifue?"

"Haraka ya nini? Kianike kivulini. Kikikauka, kipige pasi ya moto upande wa nyuma, bila maji. Moto ndio unaofunga rangi."

Mama Pacha aliinamisha kichwa. "Mama aliondoka kabla sijamuuliza haya."

"Hata mimi nina mengi ya kumuuliza," dobi alijibu polepole. "Twende tukachape."

Walifuata hatua zote. Siku ya kufua, mapacha waliinamia beseni.

"Mama, maji hayajabadilika!"

Maua yalikuwa palepale.

Jioni mzee alitandikiwa shuka jipya. Akalipapasa kwa kiganja, ua moja baada ya jingine.

"Bibi yenu alikuwa akichapa huku anaimba," alisema.

"Wimbo gani, babu?"

Mzee alijaribu. Maneno yalikuwa yamemtoka akilini. Ikabaki sauti ya wimbo tu, naye akaivumisha puani taratibu. Mama Pacha akatandika kitambaa kingine mezani, akampa kila binti kibao chake.