Jicho la Kushoto la Mama Yake Fundi

Kila siku saa tisa alasiri, kengele ya shule ikishalia, Kiherehere alivuka barabara na kuingia lango la chuo kikuu. Mama yake alikuwa muuguzi na zamu yake iliisha jioni, kwa hiyo mtoto alikwenda kumsubiri kwa mama yake mdogo, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwingine kote aliitwa Kiherehere, na ukikaa naye dakika kumi hutauliza kwa nini.

Mama mdogo alisomea kazi ambayo majirani hawakuielewa: kuhifadhi na kutengeneza picha na vitu vya kale. Karakana yao ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa, kinanuka gundi na vitambaa vya zamani. Huku mwanafunzi anatibu kinyago kilicholiwa na mchwa, kule mwingine anakausha kitabu kilicholowa, karatasi moja baada ya nyingine. Mama mdogo alipewa picha ya mwanamke kijana iliyochorwa kwa rangi, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mtihani wa mwisho.

Mwenye picha alikuwa mzee mmoja fundi cherehani. Mwanamke yule alikuwa mama yake, aliyefariki fundi akiwa na miaka mitatu. Picha ilitundikwa jikoni miaka mingi, moshi ukaifanya nyeusi, kisha paa likavuja na maji yakaondoa jicho la kushoto. Hapakuwa na picha nyingine yake duniani.

"Mama mdogo, chuo kikuu kizima mnasafisha kwa mate?" Kiherehere aliuliza siku ya kwanza, alipomwona analowesha kijiti cha pamba mdomoni na kufuta sehemu ndogo kama ukucha.

"Mate yanaondoa uchafu bila kuumiza rangi. Na usiyacheke, haya yako mwaka wa nne."

Kidogo kidogo uso ukatokea. Kidevu, shavu, jicho la kulia lililotazama moja kwa moja. Mahali pa jicho la kushoto, mama mdogo aliziba tundu kwa chokaa iliyochanganywa na gundi, akalilainisha. Likabaki doa jeupe, kavu. Kiherehere alilichukia doa lile. Kila alipohama, jicho moja lilimfuata, na lile jeupe likawa kama linamngojea.

"Lini utampa jicho jingine?"

"Simpi. Hatujui lilikuwaje. Nitapaka mistari myembamba ya rangi iliyofifia, ili ukiwa mbali doa lisikusumbue, na ukisogea ujue kwamba hapa pamepotea kitu."

Kiherehere aliona huo ni uvivu wa kisomi. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kuchora darasani kwao, na bingwa haoni shida.

Jumatano, wenzake wakiwa wameshaondoka, mama mdogo aliitwa ofisini kwa Profesa. "Usiguse kitu," alisema, akatoka. Kiherehere alihesabu mpaka ishirini. Kisha akatoa rangi zake za maji za shule na kioo kidogo cha mfukoni, akaanza kuchora jicho kwa kuangalia jicho lake mwenyewe. Alichora kope, alichora mboni, alichora hata alama ndogo ya kahawia iliyokuwa kwenye weupe wa jicho lake tangu kuzaliwa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili. Mwanamke alikuwa anamtazama kwa macho mawili. Badala ya kufurahi, mtoto alisisimka mwili mzima, akaifunika picha upesi kwa shuka la karakana.

Mama mdogo alirudi amechelewa, akafunga mlango bila kufunua picha.

Kesho yake, Profesa alimleta fundi cherehani aone kazi ilipofikia. Profesa alikuwa mama wa makamo, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Shuka lilipoondolewa, mzee alishika meza.

"Mama," alisema. Machozi yakamtiririka. "Hivi ndivyo alivyokuwa akinitazama. Nilikuwa nimesahau."

Mama mdogo alibaki mdomo wazi. Profesa alimsubiri mzee atoke, akafungua daftari la matengenezo, ambamo kila inachofanyiwa picha lazima kiandikwe. "Jicho halimo humu. Nani amekuruhusu kubuni?"

"Si mimi, Profesa."

"Ufunguo wa karakana jana alikuwa nao nani?"

"Mimi."

"Basi kesho saa tisa na nusu utaieleza kamati. Kwa kosa hili mtu anaondolewa kwenye mtihani, na wewe unalijua hilo."

Walipobaki wawili, mama mdogo alipiga magoti mbele ya Kiherehere. "Niambie ukweli. Uligusa?"

"Sikugusa, mama mdogo."

"Basi yamekwisha. Nakuamini," alisema, akamkumbatia. Kukumbatiwa huko kuliuma kuliko kofi.

Tangu hapo mwanamke wa kwenye picha akahamia kwao. Asubuhi Kiherehere aliponawa uso, kioo cha bafuni kilimwonyesha jicho lake, lakini hakuliona kuwa ni lake. Lilikuwa la marehemu. Alikitundikia taulo. Jicho likamtazama kutoka kwenye kijiko cha chai. Darasani lilikuwa kwenye kioo cha dirisha, tulivu, lenye ile alama ya kahawia, na mwalimu alipomwuliza jibu la hesabu alisema, "Sikugusa." Darasa zima lilicheka. Yeye alikaribia kulia. Alikuwa amemwazima maiti jicho, na sasa hakujua la nani ni lipi.

Mama yake alikuwa amemwuliza kuhusu taulo. "Kuna nini mwanangu? Mficha maradhi, kifo humuumbua." Alisema tu, kama akina mama wanavyosema, huku akifunga kiatu aende kazini. Mtoto alitembea na maneno yale siku nzima.

Saa tisa na nusu alisukuma mlango wa karakana bila kubisha. Profesa na walimu wawili walikaa mezani. Mama mdogo alisimama mbele yao, mikono nyuma. Fundi cherehani alikuwa kando ya picha, akiwasihi: "Jicho mliache, tafadhali. Hata kama kuna kosa, liacheni."

"Nimelichora mimi," Kiherehere alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Ni jicho langu. Nilijitazama kwenye kioo. Mama mdogo hakujua, na aliponiuliza nilimdanganya."

Profesa alimwita karibu, akamwinua kidevu, akamwangalia kwa kioo cha kukuzia, kisha akaiangalia picha. Alama ya kahawia ilikuwa palepale.

Mama mdogo hakumgombeza. Alimtazama tu, na mtoto akaona alivyochoka. "Niliwaapia kwamba wewe husemi uongo," alisema.

"Nisamehe, mama mdogo."

Wale walimu wawili walinong'ona na Profesa. "Mtihani utaufanya," Profesa alimwambia mama mdogo. "Lakini daftarini tutaandika kwamba uliacha picha wazi na mtoto ndani ya chumba. Na wewe, binti, utaandika ulichofanya, kwa mkono wako, na tarehe. Atakayeitengeneza picha hii miaka mia ijayo ana haki ya kujua."

Kiherehere aliandika. Mistari minne ilimchukua robo saa. Kisha mama mdogo akalowesha kijiti cha pamba, na jicho likaanza kuyeyuka, kope kwanza, halafu mboni, mpaka doa jeupe likarudi.

Fundi cherehani alitazama mpaka mwisho. Hilo ndilo lililomwumiza Kiherehere kuliko kamati. Akamwendea. "Babu, ningenyamaza ungebaki naye."

Mzee alimgeukia. "Jana niliwaita wajukuu wangu nikawaambia macho ya mama yangu yalikuwaje. Usiku nikamwota, na ndotoni alinitazama kwa jicho lako. Leo itabidi niwaite tena, niwaambie nilikosea." Aliweka mkono mzito begani mwa mtoto. "Sina hasira nawe. Lakini shika neno hili, mjukuu wangu. Mimi nina jicho moja tu la mama yangu, na ni la kweli. Ukinipa mama wa kubuni, yule wa kweli nimweke wapi?"

Kiherehere alivuta kigoda, akakaa karibu naye, na wote wawili wakamtazama yule mwanamke kama alivyokuwa.