Kikombe Kisicho na Jozi

Anaclet alikuwa ameubana mpini wa kikombe cha njano kwa vidole viwili, akihesabu kimoyomoyo, aliposikia sauti aliyoikimbia kwa wiki tatu.

"Fundi, simu yako iko na kazi gani?"

Hakuinua macho. Mpini ukisogezwa kabla gundi haijashika, kazi yote huharibika. Aliona tu viatu vyeupe na pindo la gauni la bluu alilolisifia siku ya Pasaka.

"Subiri kidogo, Lyse. Nimefika mia moja themanini. Naacha kwenye mia tatu."

"Eish! Hesabu basi. Kusubiri nimezoea."

Soko la vitu vya zamani la Morningside lilijaa watu Jumamosi hiyo, na manyunyu yaligonga turubai. Mwaka jana, mbele ya meza hiyo hiyo, kapu la mboga la Lyse lilikumba sahani. Wote wawili waliinama kuokota vipande, wakagongana vichwa, wakacheka. Tangu hapo kila Jumamosi Lyse alileta chai ya tangawizi, wakainywa katika vikombe viwili ambavyo Anaclet hakuviuza: cha njano na cheusi. Vilitengenezwa Finland miaka ya hamsini, bila ua wala mstari wa dhahabu. Vya kupangwa kimoja juu ya kingine, vya kutumika kila siku.

Kisha barua ya uhamiaji ikaja. Mama yake Lyse, ambaye macho yanamwishia, amekubaliwa kwenda kwa bintiye mkubwa, Finland hiyo hiyo. Lyse yumo katika faili la safari kama binti ambaye hajaolewa, wa kumshika mkono. Tangu siku hiyo Anaclet hakupokea simu.

"Mia tatu." Akaufunga mpini kwa utepe wa karatasi.

"Kimevunjika lini?"

"Siku uliyopiga mara ya kwanza, nisipokee. Nilikuwa nimekishika."

"Ndege ni Alhamisi. Kama iko mwanamke mwingine, sema. Mtaani kwetu Cato Manor wote wanasema yuko."

"Hakuna."

"Basi ni nini, sheri wangu? Nikuite nani ndio ujibu? Papa? Mheshimiwa?"

Anaclet alifuta vidole, kimoja kimoja. "Nilitaka kukuposa. Bia ya kupeleka kwenu siku ya posa nilishamwagiza rafiki yangu Papy. Barua ikafika. Nikikuposa, jina lako linatoka kwenye faili. Mama atapanda ndege na nani?"

"Ungeniambia!"

"Ungebaki."

"Ndiyo, ningebaki!" Watu wa meza ya jirani waligeuka.

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mvua iliongezeka. Anaclet, asiyejua kubembeleza, alikichukua kikombe cheusi. "Hivi havikutengenezwa viwe seti. Mtu ananunua kimoja, mwakani anaongeza kingine, rangi yoyote. Kimoja kikiondoka, kilichobaki bado ni kikombe."

"Mimi si kikombe, Anaclet. Usinipange rafuni."

Simu ya Lyse ikalia.

"Ndiyo, mama. Niko sokoni. Hapana, silii, ni mvua. Nakuja kukushika, usishuke ngazi peke yako." Akakata, akajifuta mashavu kwa kiganja. "Uliniamulia bila kuniuliza. Hilo sijakusamehe."

"Najua."

"Nitakwenda. Mama hana mwingine wa kusafiri naye. Lakini nataka kunywa chai katika kikombe cha njano kabla sijaondoka."

"Leo hakiwezi. Mpini unataka siku nzima."

"Basi kesho, baada ya kanisa. Nitaleta tangawizi. Na wewe uniulize ulichotaka kuniuliza, kwa mdomo wako, hata kama makaratasi yatachukua miaka."

"Nitakupigia asubuhi."

"Tutaona, fundi."

Gauni la bluu likapotea kati ya miavuli. Anaclet alikiinamisha kikombe cha njano juu ya kitambaa safi. Ukingoni palibaki pengo dogo la kujaza, lakini aliliacha hivyo hivyo. Akaandika juu ya utepe: *Lyse, kesho*. Kisha akafunika chupa ya gundi.